AFYA NYUMBANI: Mfuko wa Moyo na Maji Yaubanayo

Mtu aliyewahi kumtazama mchinjaji akipasua kifua cha ng'ombe ameuona mfuko huu, hata kama hajapata kuuliza jina lake. Moyo hautoki mtupu. Hutoka umevikwa ngozi nyeupe, ngumu kwa nje na laini kwa ndani, yenye mafuta kidogo juu yake. Mchinjaji huipasua kwa ncha ya kisu, maji machache ya manjano yakamwagika, naye akawatupia mbwa ile ngozi na kuutundika moyo kwenye kulabu. Mwanadamu naye anao mfuko wa namna hiyo hiyo. Madaktari huuita perikadiamu. Katika ukurasa huu utaitwa mfuko wa moyo.

Wafugaji wanaufahamu zaidi kuliko watu wa mjini. Katika nchi zetu uko ugonjwa unaoenezwa na kupe, ambao huwaua ng'ombe, mbuzi na kondoo, na mnyama akipasuliwa baada ya kufa mara nyingi mfuko wa moyo wake huonekana umejaa maji. Kadhalika ng'ombe anayekula kandokando ya makazi huweza kumeza msumari au kipande cha waya. Chuma hicho hutoboa tumbo, kikapenya kiwambo, kikafika kwenye mfuko wa moyo na kuutia usaha. Mchungaji hodari humtambua ng'ombe huyo angali hai: kidari kimevimba, na mishipa ya shingo imesimama kama kamba. Yafaa msomaji aikumbuke mishipa hiyo ya shingo, maana itatajwa tena katika habari ya wanadamu.

Mfuko wa moyo una sehemu mbili. Ya nje ni ngozi ngumu mfano wa turubai, isiyonyumbuka upesi. Chini imeshikamana na kiwambo, yaani ule msuli mpana utenganishao kifua na tumbo. Mbele imefungwa kwa kano katika mfupa wa kidari. Na juu imeungana na mishipa mikubwa itokayo moyoni. Kwa sababu hiyo moyo haupwayi kifuani askari arukapo handaki au alalapo kifudifudi na bunduki yake. Ndani ya turubai hiyo mna utando mwororo wenye tabaka mbili: moja limeambatana na ngozi ya nje, la pili limeuvaa moyo wenyewe. Baina ya tabaka hizo mna nafasi finyu yenye maji ya mililita 15 hadi 50, yaani vijiko vitatu hadi kumi vya chai. Kazi ya maji hayo ni kama ya grisi katika ekseli ya lori. Moyo hupiga mara 100,000 hivi kwa siku, na bila ya utelezi huo ungejisugua katika kila pigo.

Kila mtu anayeishi na askari, au aliye askari mwenyewe, hana budi kuelewa jambo moja kuhusu turubai hiyo. Ikivutwa polepole, kwa majuma na miezi, hukubali kutanuka, na mfuko ukaweza kubeba lita nzima ya maji au zaidi huku mwenyewe bado anatembea. Ikivutwa kwa ghafula haikubali. Damu ya mililita 150 au 200, ambayo haijazi hata kikombe kikubwa cha chai, ikimiminika ndani ya mfuko kwa dakika chache huweza kumuua mtu mwenye afya kamili. Ukubwa wa hatari hufuata mwendo wa maji kuliko wingi wake.

Sababu ya kifo hicho si vigumu kuifahamu. Moyo ni pampu, na pampu sharti ijae kwanza ndipo isukume. Maji au damu iliyofungwa mfukoni huubana moyo kwa nje, hasa upande wa kulia ambao kuta zake ni nyembamba, nao ukashindwa kutanuka ili upokee damu irudiyo kutoka mwilini. Misuli yake yaweza kuwa mizima kabisa, lakini haina cha kusukuma. Damu iliyokosa mlango hurudi nyuma: mishipa ya shingo husimama, ini huvimba, na baadaye miguu hujaa. Mbele nako, presha hushuka, mikono hupoa, na mgonjwa hutokwa na jasho jembamba.

Kwa watu wa jeshi na polisi njia ya haraka ndiyo inayojulikana zaidi, yaani kisu, mkuki, risasi au kigae cha bomu kifuani. Jeraha laweza kuwa dogo kama tundu la kifungo, na damu inayotoka nje ikawa kidogo sana, hata wenzake wakadhani majeruhi amepona. Kumbe damu inamwagika ndani. Mwaka 1935 Claude Beck, daktari mpasuaji wa Cleveland huko Marekani, alizikusanya pamoja dalili tatu za moyo uliobanwa kwa ghafula: presha iliyoshuka, mishipa ya shingo iliyovimba, na sauti ya moyo iliyo hafifu na ya mbali. Si kila majeruhi huwa nazo zote tatu, na aliyepoteza damu nyingi hata mishipa ya shingo yake huenda isivimbe. Kwa hiyo jeraha lolote la kifua, liwe dogo namna gani, ni la kupelekwa hospitali yenye daktari mpasuaji bila ya kungoja dalili.

Mwenye kutoa huduma ya kwanza asichomoe kisu au mkuki uliobaki kifuani, kwa kuwa pengine chuma hicho ndicho kizibo cha tundu. Akifungie pale pale kwa vitambaa kisitikisike. Kidonda kilicho wazi kifunikwe kwa kitambaa safi kikavu, bila ya kukizibia hewa kabisa. Majeruhi mwenye fahamu aachwe akae namna inayompa pumzi, asinyweshwe wala kulishwa kitu, maana huenda akapasuliwa mara tu afikapo. Wengi hupoteza wakati wa thamani wakitafuta gari lenye machela. Gari lolote liendalo upesi lafaa.

Upasuaji wa mfuko huu una historia yake, na sehemu yake imeandikwa na madaktari wa vita. Mwaka 1810 Dominique Larrey, mpasuaji mashuhuri wa jeshi la Napoleon, aliufungua mfuko wa moyo wa askari aliyekuwa na jeraha la kisu, akayatoa maji yaliyoujaa. Askari alipata nafuu kwa muda, kisha uchafu ukaingia akafa. Siku hizo hakuna aliyejua habari za vijidudu. Mwezi Julai 1893, katika Hospitali ya Provident mjini Chicago, alifikishwa kijana jina lake James Cornish aliyechomwa kisu kifuani katika ugomvi. Daktari aliyempokea alikuwa Daniel Hale Williams, Mmarekani mweusi aliyeianzisha hospitali hiyo mwaka 1891, wakati hospitali nyingi za mji ziliwafungia milango madaktari na wauguzi wa rangi yake. Hakuwa na eksirei, kwa kuwa ilikuwa haijavumbuliwa, wala hakuwa na damu ya kumwongezea mgonjwa. Alimfungua kifua, akaona mfuko umepasuka, akaushona kwa uzi huku moyo ukiendelea kupiga chini ya vidole vyake. Daktari mwingine wa Marekani, Henry Dalton wa St. Louis, alikuwa amekwisha kufanya kazi ya namna hiyo mwaka 1891, lakini hilo haliipunguzii kazi ya Williams ushujaa wake. Cornish alitoka hospitali kwa miguu yake akaishi miaka mingi.

Lakini watu wengi zaidi katika nchi hizi huuawa na njia ya polepole, na hiyo haina kisu wala mlio wa risasi. Huanza nyumbani, na aghalabu wa kwanza kuiona ni mke.

Na achukuliwe kwa mfano koplo mmoja mwenye umri wa miaka 30 na kitu. Kwa majuma kadhaa amekuwa na homa ndogo ya jioni. Usiku hutokwa na jasho hata shuka likalowa, na mkewe hulianika kila asubuhi. Amekonda mabegani, ilhali mkanda wake wa sare umesogezwa tundu mbili mbele kwa sababu tumbo limejaa. Asubuhi buti lamtosha, jioni halifungiki. Sasa ameacha kulala chali. Huketi kitandani akauegemea mto, au huinamia meza hadi alfajiri.

"Baba watoto, usiku huu nao hukulala," mkewe humwambia.

"Ni uchovu wa doria, mama. Utapita."

Jirani mmoja atasema ni ini, kwa ajili ya pombe. Mwingine atasema amerogwa na aliyemwonea wivu kwa cheo. Wa tatu, ambaye huenda ndiye mwenye hatari kuliko wote kwa sababu husikika kama mtaalamu, atashauri anunuliwe dukani vidonge vya kukojoa ili uvimbe ushuke. Moyo uliobanwa na maji wategemea msukumo wa damu irudiyo ili ujaze hata kile kidogo uwezacho kupokea. Vidonge vya kukojoa hupunguza damu hiyo, na mgonjwa wa namna hii huweza kuanguka asiinuke tena. Dawa hizo zisitumike kabla ya daktari kujua uvimbe umetokana na nini.

Katika Ulaya na Marekani ya Kaskazini, uvimbe wa mfuko wa moyo mara nyingi huletwa na virusi, huuma kwa siku kadhaa na kupona kwa aspirini au ibuprofeni pamoja na kolchisini. Maumivu yake ni makali kama ya kuchomwa, huzidi mtu avutapo pumzi au alalapo chali, na hupungua aketipo akainama mbele. Pengine hupanda hadi bega la kushoto. Daktari akiweka chombo chake cha kusikilizia kifuani husikia mkwaruzo, tabaka mbili kavu zikisuguana, sauti inayofanana sana na ya ngozi ya buti jipya. Namna hiyo hutokea Afrika pia, na askari aliyeugua asirudi kwenye mbio na mazoezi mazito mpaka daktari amruhusu, hata kama amejiona amepona. Zipo pia sababu nyingine, kama figo zilizoshindwa kazi, saratani, na usaha utokanao na nimonia au jipu. Lakini kusini mwa Sahara, daktari akutanapo na mfuko uliojaa maji kwa muda mrefu, jambo la kwanza analolifikiri ni kifua kikuu.

Wengi hudhani kifua kikuu ni ugonjwa wa mapafu tu. Vijidudu vyake husafiri. Kutoka katika tezi zilizo kifuani, karibu kabisa na moyo, hupenya hadi mfukoni, na huko huufanya utando utoe maji pole pole. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza Uganda katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu. Kambini, ambako watu wengi hulala katika chumba kimoja na madirisha hufungwa kwa ajili ya mbu au baridi, kikohozi cha mmoja ni hewa ya wote. Aliye na kifua kikuu cha mfuko wa moyo peke yake hamwambukizi mwenzake, kwa kuwa vijidudu vimefungwa ndani. Lakini huenda mapafu yake nayo yameguswa, na pengine yule aliyemwambukiza bado yumo nyumbani au kambini humo. Hivyo jamaa wote wapimwe, watoto wadogo wakitangulia.

Virusi vya ukimwi vimeuongeza ugonjwa huu kuliko jambo jingine lolote. Mwaka 2008 daktari Bongani Mayosi wa Cape Town, aliyefariki mwaka 2018, pamoja na wenzake walitangaza habari za wagonjwa 185 wa kifua kikuu cha mfuko wa moyo katika Kamerun, Nijeria na Afrika Kusini. Katika muda wa miezi sita 26 kati ya kila 100 walikuwa wamekufa. Kwa wale walioonyesha dalili za ukimwi walikufa 40 katika kila 100. Kwa wasiokuwa nazo, 17. Hesabu hizo hazikuandikwa hapa ili kuwatisha watu. Zinaonyesha kwa nini mgonjwa huyu hupimwa virusi siku ya kwanza, na kwa nini aliye na virusi hahitaji kuficha jambo hilo mbele ya daktari, hata awe na nyota ngapi begani.

Koplo wa mfano akifika hospitali, daktari ataitazama shingo yake kabla ya jambo lingine. Atamshika mapigo ya mkono na kumwomba avute pumzi polepole, kwa kuwa moyo ukibanwa mapigo hufifia pumzi ivutwapo. Jambo hilo lilielezwa na Adolf Kussmaul wa Ujerumani mwaka 1873. Picha ya eksirei itaonyesha kivuli cha moyo kilichopanuka kama mtungi uliokalishwa juu ya kiwambo. Altrasaundi itayaonyesha maji yenyewe, ukanda mweusi ukiuzunguka moyo unaohangaika katikati yake. Ikiwa moyo umebanwa sana, sindano ndefu huingizwa chini ya ncha ya kidari, baada ya ganzi, na maji kuvutwa. Nafuu huja upesi ajabu: kuondolewa kwa mililita 50 tu huweza kuinua presha iliyokuwa imezama, na mtu ambaye hakulala kwa mwezi mzima akalala usiku huo.

Jamaa wasishangae wakiambiwa kwamba vijidudu havikuonekana katika maji hayo. Huwa vichache mno na ni vigumu kuvipata. Mahali penye kifua kikuu kingi daktari huanza dawa kwa ushahidi wa dalili zote pamoja, kwa sababu kungoja hakika kamili kwaweza kuwa ni kungoja jeneza.

Dawa ni zile zile za kifua kikuu cha mapafu: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli kwa miezi miwili, kisha mbili za kwanza kwa miezi minne zaidi. Katika vituo vya serikali hutolewa bure. Kwa muda mrefu madaktari walibishana kama inafaa kuongeza prednisoloni ili kutuliza uvimbe. Majibu yalitangazwa mwaka 2014, baada ya uchunguzi wa wagonjwa 1,400 katika nchi nane za Afrika, Uganda na Kenya zikiwamo. Prednisoloni haikupunguza vifo. Ilipunguza idadi ya wale ambao mfuko wao ulikakamaa baadaye, kutoka takriban 8 hadi 4 katika kila 100. Lakini saratani ziendazo pamoja na ukimwi ziliongezeka miongoni mwa walioitumia. Kwa hiyo huo ni uamuzi wa daktari kwa kila mgonjwa, na dawa hiyo haifai kuazimwa kwa jirani.

Nyumbani ndiko miezi sita hiyo hufaulu au huharibika. Juma la kwanza mkojo, jasho na hata machozi hugeuka rangi ya chungwa au nyekundu. Ni rangi ya rifampisini, wala si damu, lakini wako wanaume walioacha dawa kwa kuiona tu bila ya kumwambia mtu. Dawa hiyo hiyo hudhoofisha vidonge vya kupanga uzazi, hivyo mwanamke anayeitumia amwulize muuguzi njia nyingine. Na anayemeza dawa za virusi vya ukimwi avitaje vidonge vyote viwili kwa kila kituo, maana huenda vipimo vikahitaji kubadilishwa. Macho yakififia au rangi zikichanganyika, ethambutoli itajwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Manjano machoni na kichefuchefu kisichokoma ni ishara ya ini kuumizwa, na hapo pombe ya bwaloni haina nafasi kabisa.

Hatari kubwa zaidi huja mwezi wa pili au wa tatu. Homa imekwisha, buti lafungika, mkanda umerudi tundu lake, na koplo ajiona hana ugonjwa. Akipewa uhamisho wa kwenda mpakani, huondoka bila ya kadi yake ya dawa. Mke ambaye anajua tarehe ya mwisho ya dawa, na ambaye kadi ameifunga pamoja na vyeti vya watoto, huweza kuidai iandikwe katika kituo kipya kabla ya gari kuondoka. Kwa kawaida kila kituo cha kifua kikuu hupokea mgonjwa aliyehamishwa akiwa na karatasi yake.

Kwa wachache mfuko huponea vibaya hata kama dawa zilimezwa sawasawa. Tabaka mbili hushikana, hunenepa, na pengine huota chokaa, hata moyo ukafungwa ndani ya gamba. Hapo hakuna maji ya kuvuta kwa sindano. Tumbo hujaa tena, miguu huvimba, na daktari asiyeichunguza shingo huweza kumtibu mtu huyo ini kwa miaka. Mpasuaji hufungua kifua na kulibandua gamba hilo kipande kwa kipande kutoka katika moyo unaopiga. Ni kazi ya saa nyingi yenye hatari, na hufanywa katika hospitali chache. Mtu aliyeondolewa mfuko wa moyo huishi bila huo. Wapo hata watu waliozaliwa bila ya mfuko huo, wakaufikia uzee pasipo kujua kwamba walikosa kitu.